Heri Kujikwaa Kidole: Mwanafunzi wa Kiswahili na Taaluma ya Diplomasia na Haki za Binadamu

Utangulizi

Kuna swali ambalo humwandama mwanafunzi wa Kiswahili tangu siku anapojisajili chuoni hadi siku ya mahafali: utafanya kazi gani na hicho Kiswahili chako? Jibu ambalo jamii imemwandalia ni moja tu, kwamba atakuwa mwalimu. Ualimu ni kazi ya heshima na makala haya hayana nia ya kuubeza. Hata hivyo, jibu hilo huwafanya wengi wetu kudhani kwamba milango mingine imefungwa, ilhali hatujaibisha hodi.

Makala haya yananuia kuchunguza mlango mmoja, nao ni ule wa diplomasia, sheria ya kimataifa na mapatano kuhusu haki za binadamu. Hoja yetu ni kwamba malighafi ya kazi hizi ni neno, na kwamba mwanafunzi aliyezoezwa kulipima neno kabla ya kulitumia tayari ana sehemu ya maandalizi. Aidha, tutaeleza sehemu anayoikosa, kwa kuwa si haki kumpa msomaji matumaini yasiyo na mashiko.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika maisha ya kila siku methali hii ni onyo la adabu. Katika meza ya mapatano ni kanuni ya kazi, maana ajikwaaye ulimi huko huwaumiza watu ambao hata hawakuwamo chumbani.

Diplomasia na kazi zinazoambatana nayo

Diplomasia ni utaratibu ambao mataifa huutumia kuendesha uhusiano wao kwa mazungumzo badala ya mabavu. Kanuni zake nyingi zimekusanywa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia. Katika uwanja huu mna watendakazi mbalimbali, na ni kosa kuwachanganya.

Balozi huiwakilisha nchi yake. Husema kwa niaba ya serikali iliyomtuma, wala si kwa niaba ya nafsi yake. Mwanasheria wa kimataifa huhakikisha kwamba yaliyokubaliwa yameandikwa kwa namna inayoweza kutetewa mbele ya mahakama. Mpatanishi hana upande. Kazi yake ni kuwafikisha mahasimu mahali ambapo wote wanaweza kutia saini bila ya kufedheheka. Mtetezi wa haki za binadamu ana upande, na upande huo ni wa aliyedhulumiwa, hata pale ambapo anayelaumiwa ni serikali ya nchi yake mwenyewe. Kisha wapo mkalimani, ashughulikiaye kauli, na mfasiri, ashughulikiaye maandishi. Hawa wawili mara nyingi hawatajwi katika picha za magazeti, lakini bila wao wengine wote ni mabubu.

Kitenzi kilichochochea vita

Mfano wetu wa kwanza unatoka Ethiopia. Tarehe 2 Mei 1889, Menelik wa Pili aliafikiana na Italia mkataba uliopewa jina la mahali palipotiwa saini, Wuchale. Mkataba huo uliandikwa kwa Kiamhari na kwa Kiitaliano. Ibara ya 17 ilihusu mawasiliano ya Ethiopia na mataifa mengine. Nakala ya Kiamhari ilisema kwamba mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano hayo. Nakala ya Kiitaliano ilisema kwamba mfalme amekubali kuitumia.

Tofauti ni ya kitenzi kimoja. Katika nakala ya kwanza Ethiopia ilikuwa na hiari. Katika ya pili ilikuwa imejifunga. Italia iliishikilia nakala yake na kuyatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Ethiopia ilikuwa chini ya himaya yake. Menelik alipinga, na mwaka wa 1893 akaukana mkataba wote. Mzozo huo uliishia katika vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ambapo jeshi la Italia lilishindwa. Oktoba mwaka huohuo, katika mkataba mpya wa Addis Ababa, Italia iliutambua uhuru wa Ethiopia.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba kitenzi peke yake ndicho kilichozua vita. Tamaa ya makoloni ilikuwapo kabla ya Wuchale. Lakini kitenzi hicho kiliipa tamaa hiyo vazi la sheria. Leo, Mkataba wa Vienna wa mwaka wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba unaeleza katika Ibara ya 33 kwamba pale ambapo mkataba umethibitishwa kwa lugha mbili au zaidi, kila nakala ina nguvu sawa, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vingine. Kwa hiyo mfasiri wa nakala rasmi si tarishi wa maneno ya wengine. Anachokiandika ni sheria.

Kuratibu na kusimamia

Mfano wa pili hautuhitaji kwenda mbali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa nchini Kenya na mamia ya maelfu wakaachwa bila makao. Jopo la upatanishi la Umoja wa Afrika liliongozwa na Kofi Annan, akisaidiana na Benjamin Mkapa na Graça Machel. Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba ulioleta serikali ya mseto, ile ambayo wananchi waliibandika jina la nusu mkate.

Kiini cha mkataba kilikuwa cheo cha Waziri Mkuu, na kiini cha cheo hicho kilikuwa vitenzi viwili: Waziri Mkuu angekuwa na mamlaka ya kuratibu na kusimamia utekelezaji wa shughuli za serikali. Je, anayesimamia ana uwezo wa kuadhibu? Je, kuratibu ni kuamrisha au ni kupanga tu? Mkataba haukujibu. Mnamo Februari 2010, Waziri Mkuu alitangaza kuwasimamisha kazi mawaziri wawili kwa miezi mitatu. Siku iyo hiyo Rais alibatilisha hatua hiyo. Kila upande ulidai kwamba mkataba ulikuwa upande wake.

Hapa mwanaisimu ana jambo la kujifunza. Darasani tunafunzwa kwamba utata ni kasoro ya sentensi na tunapewa mazoezi ya kuuondoa. Katika mapatano, utata huweza kuwa daraja. Watu wanaokufa hawawezi kungoja mpaka kila neno lifafanuliwe, na neno ambalo kila upande unaweza kulisoma kwa jicho lake huenda ndilo pekee litakalokubaliwa usiku huo. Hata hivyo, utata ni mkopo ambao lazima ulipwe. Ule uliosaidia kuzima moto mwaka wa 2008 ndio uliofuka moshi mwaka wa 2010. Mpatanishi hodari ni yule anayejua ni neno gani ameliacha wazi, kwa nini ameliacha, na ni nani atakayelipa siku ya kulifafanua ikifika.

Kiambishi -ta- mbele ya hakimu

Tukirejea katika sarufi yetu wenyewe, tuitazame sentensi hii: Serikali itarejesha ardhi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakwambia kwamba -ta- ni kiambishi cha wakati ujao, naye hajakosea. Mwanasheria atauliza swali jingine: sentensi hii ni utabiri, ahadi au amri? Kiswahili hukibebesha kiambishi hicho kimoja mizigo yote mitatu. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha. Katika hati ya kisheria, mshtakiwa anayetaka kukwepa wajibu atashika maana iliyo nyepesi zaidi.

Kwa bahati nzuri, lugha yetu haikosi silaha. Tazama ngazi hii: inaweza kurejesha, yafaa irejeshe, inapaswa kurejesha, ni sharti irejeshe. Kila hatua inaongeza uzito wa wajibu. Waliotunga methali waliijua ngazi hii vyema, ndiyo sababu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema yafaa ainame. Mfasiri wa sheria anayetumia -ta- mahali pa sharti anaweza kumpokonya mtu haki yake bila ya kukusudia.

Binadamu na watu: kesi ya Waogiek

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa jijini Nairobi mwezi Juni 1981 katika mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ukaanza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986. Msomaji wa Kiswahili anapokutana na jina hilo kwa mara ya kwanza hujiuliza: kwani binadamu si watu?

Swali hilo si la utani. Katika Kiingereza na Kifaransa, neno lililotumika katika nafasi ya pili linamaanisha watu kama kundi moja lenye utambulisho wake, tofauti na mtu mmojammoja. Katika Kiswahili, watu ni wingi wa mtu, basi. Kinachopotea ni wazo lenyewe lililoutofautisha Mkataba huu na mingine: kwamba zipo haki ambazo hazimilikiwi na mtu binafsi bali na kundi zima kwa pamoja. Je, tungesema jamii? Neno hilo ni pana mno, maana hata nchi nzima ni jamii. Je, umma? Wengi wangeelewa wananchi kwa jumla. Kaumu lafahamika pwani, lakini bara halisikiki sana. Mjadala haujafungwa, na wanaofaa kuuendeleza ni wasomaji wa jarida kama hili.

Tofauti hii ilijitokeza waziwazi katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau. Mnamo Oktoba 2009, walipewa ilani ya kuondoka msituni katika muda wa siku 30. Malalamiko yao yalifikishwa kwa Tume ya Afrika, nayo Tume ikaipeleka kesi mwaka wa 2012 mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Katika hukumu ya tarehe 26 Mei 2017, Mahakama iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikuwa imekiuka ibara saba za Mkataba, zikiwemo zinazohusu mali, dini, utamaduni na maliasili. Ilibidi Mahakama iamue iwapo neno watu katika Mkataba lahusu taifa zima pekee au pia jamii iliyo ndani ya taifa. Ikaamua kwamba linaweza kuihusu jamii kama hiyo, mradi isipinge mamlaka na mipaka ya nchi. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama iliamuru fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali, pamoja na kupimwa kwa ardhi yao na kupewa hati ya pamoja.

Neno la pili lenye uzito katika kesi hiyo ni lile linaloitambulisha jamii ya aina ya Waogiek katika sheria ya kimataifa. Mfasiri wa haraka ataandika wenyeji. Hebu tulipime. Mwenyeji ni kinyume cha mgeni. Ukisema kwamba Waogiek ndio wenyeji wa Mau, umesema pia, bila ya kutamka, kwamba jirani zao ni wageni. Katika Bonde la Ufa tunajua yaliyowapata walioitwa wageni au madoadoa katika miaka ya 1992, 1997 na 2008. Neno lililokusudiwa kumlinda mnyonge mmoja linaweza kuwa panga kwa mnyonge mwingine. Jamii asilia, ijapokuwa si kamilifu, hueleza uhusiano wa kundi na ardhi na utamaduni wake bila ya kumfukuza mtu mwingine. Uamuzi wa aina hii haupatikani katika kamusi. Hupatikana kwa mtu anayeijua lugha, anayeijua sheria, na anayeijua historia ya mahali.

Ni muhimu kuongeza kwamba hukumu haijitekelezi. Mnamo Novemba 2023, familia za Waogiek ziliondolewa tena kutoka eneo la Sasimwani katika msitu wa Mau. Anayeingia katika kazi hii akidhani kwamba ushindi mahakamani ndio mwisho wa safari atavunjika moyo mapema.

Safari moja ya kidiplomasia

Ili tusibaki katika nadharia, tumtazame Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Unguja. Mwaka wa 1964, akiwa na umri wa miaka 22, aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri. Baadaye aliiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka wa 1970 hadi 1980, akaiongoza kamati iliyoshughulikia ukombozi wa nchi zilizotawaliwa, na mwaka wa 1979 akawa rais wa Baraza Kuu. Mwaka wa 1981 aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, lakini Marekani ilitumia kura yake ya turufu kumzuia. Hakususa. Alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania kuanzia mwaka wa 1984 hadi 1985, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia mwaka wa 1989 hadi 2001. Kisha aliongoza upatanishi kuhusu Darfur mjini Abuja, ambako mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Mei 2006, ingawa baadhi ya makundi ya waasi yalikataa kutia saini.

Safari hii ina mafunzo mawili. Kwanza, kijana aliyekulia katika Kiswahili alifika karibu na kilele cha diplomasia ya ulimwengu, lakini hakufika huko kwa Kiswahili peke yake. Alisoma Delhi na New York, akazijua lugha na desturi za wengine. Pili, kushindwa ni sehemu ya kazi. Kura ya turufu na saini isiyopatikana si aibu kwa mpatanishi ambaye alifanya kazi yake kwa uaminifu.

Njia ya kufuata

Mwanafunzi anayevutiwa na taaluma hii afanye nini? Kwanza, asome sheria, hata kama si kwa shahada kamili. Sheria ya mwaka wa 2012 inayohusu Chuo cha Sheria cha Kenya inataja alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili miongoni mwa masharti ya kujiunga. Yaani Kiswahili kimewekwa bega kwa bega na Kiingereza katika lango la uwakili. Vilevile, Ibara ya 2(6) ya Katiba ya mwaka wa 2010 yasema kuwa mikataba iliyoidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za nchi. Haki za kimataifa, kwa hiyo, si habari za ng'ambo.

Pili, ajifunze lugha ya tatu na ya nne. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo. Hata hivyo, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipokea kama lugha rasmi mwaka wa 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwezi Februari 2022. Nafasi hizi zitajazwa na mtu anayeweza kuhama kati ya Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu bila ya kupoteza mzigo njiani. Tusipojiandaa, zitabaki maazimio ya karatasi.

Tatu, aanzie karibu. Ibara ya 50(2)(m) ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya mahakama. Anayetaka kufika Arusha au Geneva na akaketi kwanza katika mahakama ya wilaya yake, akisikiliza jinsi neno moja linavyobadilika kutoka kinywani mwa shahidi hadi kwenye kumbukumbu za hakimu, atakuwa amepata somo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifunza.

Nne, ajiulize swali la dhamiri mapema. Balozi huapa kuitetea nchi yake. Mtetezi wa haki huweza kulazimika kuishtaki. Katika kesi ya Waogiek, Wakenya waliketi pande zote mbili za ukumbi. Kazi zote mbili ni halali, lakini mtu hawezi kuzifanya kwa wakati mmoja na kinywa kimoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba kitenzi kimoja kilichochea vita Ethiopia, kwamba vitenzi viwili vilituliza nchi yetu na kisha vikaitikisa, na kwamba neno watu lilibeba hatima ya jamii moja ya Mau. Tumhesabu pia mtu mmoja ambaye hajatajwa: bibi mzee wa Mau ambaye hakuwahi kufundishwa Kiingereza. Mahakama ilipoamuru hukumu hiyo itangazwe nchini, muhtasari uliotajwa katika amri ulikuwa wa Kiingereza. Haki yake imeandikwa, nayo ni yake, lakini hawezi kuisoma. Kati yake na haki hiyo pana nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa ameketi sasa hivi katika darasa la isimu, akiulizwa atafanya kazi gani na hicho Kiswahili chake.

Maswali ya kujadili

1. Fasiri upya jina la Mkataba wa Afrika wa mwaka wa 1981 ili tofauti kati ya haki za mtu binafsi na haki za kundi idhihirike. Tetea uteuzi wako.
2. Chagua sentensi tano zenye kiambishi -ta- kutoka hati yoyote rasmi ya Kiswahili. Eleza kama kila moja ni utabiri, ahadi au amri, kisha iandike upya bila utata.
3. "Utata ni kasoro ya lugha." Jadili kauli hii kwa kurejelea mapatano ya Kenya ya mwaka wa 2008.
4. Je, mfasiri wa hati ya haki za binadamu anaweza kuwa hana upande? Toa hoja kwa kutumia maneno wenyeji na jamii asilia.